Biashara zetu Mwanza: kila mtu ana cheo, anayeamua ni mmoja tu. Tujadili

Mtunza Leja (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara za watu hapa mjini: maduka ya vifaa vya ujenzi, vipuri vya pikipiki, hoteli za chakula na tajiri mmoja wa dagaa. Uzuri wa kazi hii ni kwamba inakupitisha nyuma ya kaunta. Unaona nani anamtuma nani, nani anamwogopa nani, na hela inapita mikononi mwa nani kabla haijafika benki.

Nitoe mfano, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili mwenyewe asitambulike. Duka la vifaa vya ujenzi, makao Buzuruga, matawi Igoma na Sengerema. Wafanyakazi 14. Ukiuliza utaambiwa kuna meneja, meneja msaidizi, mkuu wa mauzo, msimamizi wa stoo. Hata kijana anayepanga nondo amevaa kitambulisho kinachosema "Afisa Ghala". Sasa ngoja mteja aombe apunguziwe shilingi 500 kwenye mfuko wa saruji: meneja anapiga simu kwa tajiri. Kijana anaumwa, anaomba ruhusa aende hospitali ya Sekou Toure: simu. Mteja amelipa kwa lipa namba, na laini iko mfukoni mwa tajiri, kwa hiyo keshia naye anapiga simu kuuliza kama imeingia. Ikitokea tajiri yuko msibani Magu na simu imeisha chaji, wateja wanasimama pale na hela wameshalipa, mzigo hautoki.

Huyo kijana wa stoo ndiye namwonea huruma zaidi. Asubuhi meneja amempangia ahesabu mabati. Mke wa tajiri anapita, anamwambia apakie ndoo za rangi kwenye guta zipelekwe kwenye nyumba yao inayojengwa Nyegezi. Kabla hajamaliza, mdogo wake tajiri anampigia aende Igogo kufuata mzigo wake binafsi. Jioni mabati hayajahesabiwa na anayegombezwa ni yeye.

Jambo hili si la Mwanza tu wala si la leo. Henri Fayol, injinia wa migodi ya makaa ya mawe kule Ufaransa ambaye aliongoza kampuni yake kwa miaka 30, alichapisha mwaka 1916 kanuni zake 14 za uongozi. Mojawapo inasema mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja. Mwaka 1933 akaja mshauri wa mambo ya uongozi, V. A. Graicunas, akapiga hesabu ya mahusiano anayobeba mkubwa mmoja: yeye na kila mtu wake, yeye na kila kundi lao, na wao kwa wao. Ukiwa na watu 4 unapata mahusiano 44. Ukiwa na 5 ni 100. Ukiwa na 6 yanaruka hadi 222. Nimeingiza wale 14 wa Buzuruga kwenye kanuni yake, jibu ni 114,870. Halafu tajiri analalamika presha.

Mimi naona duka likishapita watu sita saba, vyeo havisaidii kitu mpaka iandikwe mahali nani anaamua nini na mwisho wa shilingi ngapi. Bila hivyo, vitambulisho vyote vile vya shingoni ni mapambo, maana meneja asiyeweza kutoa shilingi 500 ni keshia mwenye mshahara mkubwa.

Nyie kwenu mmepangaje? Naomba kuwasilisha.

Kijiti cha Pasiansi

Nimekaa paleee.

Bosi Mwenyewe

Mleta uzi unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuibiwa. Mimi ndiye huyo tajiri unayemsema, si wa Buzuruga lakini tunafanana. Nimeanza na meza ya kufuli na bawaba Makoroboi, leo nina maduka mawili. Kila nilipompa mtu "madaraka" nimelipia. Wa kwanza alikuwa anauza nondo zake mwenyewe ndani ya duka langu, kwa risiti yangu. Laini ya lipa namba itabaki kwangu hadi nizikwe nayo.

Hayo ya Mfaransa mwachie Mfaransa.

Karabai

Bosi Mwenyewe pole ndugu, lakini acha nikupe habari za upande wa maji, maana sisi watu wa dagaa mnatuona washamba tu.

Nina mitumbwi, kambi yangu iko kisiwani, mzigo nauza soko la samaki la Kirumba Mwaloni. Mimi tajiri sijui majina ya wavuvi wangu wote na sina shida nayo. Namjua nahodha. Nahodha ndiye anatafuta watu wake, ndiye anajua nani anavuta wavu na nani mvivu, ndiye anaamua leo tunatoka au ziwa limechafuka tunalala. Hata nikipanda mtumbwini mwenyewe, nikishakaa ndani mimi ni abiria. Siwezi kusema geuza huku wakati yeye kasema huku, tutazama.

Nchi kavu nina msimamizi wa kambi. Huyo haendi ziwani. Kazi yake ni kuhesabu ndoo zikishuka, kusimamia akina mama wanaoanika, mafuta, unga, taa na betri zake. Nahodha hamwamuru msimamizi, msimamizi hamwamuru nahodha. Wote wawili wanajibu kwangu. Mpishi yuko chini ya msimamizi, na hilo lilishaleta ugomvi maana wavuvi walitaka awe wao, basi ndivyo ilivyo.

Malipo ni mgawo, hakuna mshahara. Tunavua kwenye giza, mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, tunapumzika na kupiga hesabu. Gharama zinatoka kwanza, kinachobaki nusu ya chombo nusu ya watu, na nahodha anapata zaidi ya mvuvi wa kawaida. Sehemu nyingine wanagawa tofauti, lakini mtindo ni huo. Kwa hiyo simhitaji mtu wa kuwasimamia wavuvi wavue. Wakilala, wamelala na hela yao.

Nina watu wengi kuliko hao 14 wa Buzuruga na simu zinazonijia ni za watu wawili kwa kila kambi.

Bosi Mwenyewe

Karabai unatudanganya mchana. Wavuvi wanauza dagaa kulekule ziwani usiku, asubuhi unaambiwa "tajiri, giza lilikuwa baya". Au wewe kwako hawauzi?

Karabai

Wanauza, sana tu. Sikusema ni malaika.

Ila nina namna ya kujua. Usiku huohuo, ziwa lilelile, mitumbwi ya jirani imeshusha ndoo ngapi? Msimamizi anaziona, mwalo (pale mitumbwi inaposhushia) ni mdogo. Jirani wanne wameshusha vizuri na wa kwangu ameleta nusu, naanza kuuliza. Ikitokea mara moja ni bahati mbaya. Ikijirudia giza zima, nahodha anatafuta chombo kingine. Sina haja ya kumlinda usiku kucha na tochi. Wewe una maduka mawili, la kwanza ni jirani wa la pili. Umewahi kuyalinganisha mauzo yake kwa wiki, bidhaa kwa bidhaa?

Bosi Mwenyewe

Nalinganisha hela inayokuja.

Mtunza Leja

Hela inayokuja siyo mauzo, mkuu. Hapo ndipo huyo wa nondo alipojificha. Angelinganishwa na tawi la pili, nondo zingeonekana zinauzika upande mmoja tu, wakati mtaa ni mmoja na wajenzi ni walewale.

Mama Stendi

Habari zenu kaka zangu. Mimi nina hoteli ya chakula pale Nyegezi, nimeanza na sufuria mbili sasa nina wahudumu, wapishi na vijana wa kuosha vyombo. Sijui Fayol. Nitasema ya kwangu.

Kwangu chakula hakitoki jikoni bila kikaratasi. Mteja anaagiza, mhudumu anaenda kwa keshia anakatiwa kikaratasi chenye jina lake mhudumu, anakipeleka jikoni, mpishi mkuu anakichoma kwenye msumari, ndipo sahani inatoka. Jioni vikaratasi vya msumarini lazima vilingane na hela ya keshia. Anayepika hagusi hela, anayegusa hela hagusi chakula, anayebeba hana kimoja. Wakitaka kuniibia inabidi wakae kikao watatu, na watu watatu wa Mwanza hawajawahi kukubaliana mgawo kwa amani.

Shida yangu kubwa haikuwa wezi. Ilikuwa undugu. Nilimleta mtoto wa dada yangu kutoka Misungwi awe keshia. Mpishi mkuu akimwambia kitu anamjibu "mimi mama mdogo ndiye ameniweka hapa". Yaani jikoni nzima ikawa na mkubwa mdogo ambaye hakuandikwa popote. Nikamwita na mpishi mkuu akiwepo, nikasema: kuanzia leo ukiwa na shida ya kazi unamwambia huyu, ukiniletea mimi nyumbani sikusikilizi, na nyumbani tunaongea habari za nyumbani. Dada yangu alininunia, wakaitisha kikao cha ukoo. Nilienda, nikala, nikarudi. Mtoto bado yupo na anafanya kazi vizuri.

Na mume wangu akija hotelini anakaa kama mteja, anakula, analipa. Analipa! Akitaka maji zaidi anamwita mhudumu kama wengine.

Kijiti cha Pasiansi

Mama Stendi hapo kwa mume umemaliza. Huyo mzee apewe tuzo.

Minofu

Nyongeza kutoka kiwandani. Nilifanya miaka kadhaa kwenye kiwanda kimojawapo cha minofu ya sangara hapa Mwanza, nimeondoka kwa amani.

Kiwandani ngazi ziko wazi mno. Kuna mapokezi ya samaki, kuna wanaotoa minofu, wanaosafisha, wanaofungasha, chumba cha baridi. Kila sehemu na supavaiza wake kwa kila zamu. Supavaiza wanajibu kwa meneja uzalishaji. Lakini watu wa ubora hawako chini ya meneja uzalishaji. Wanajibu moja kwa moja juu. Mtu wa ubora, hata binti aliyetoka chuo juzi, akiona joto la samaki limepanda ana uwezo wa kukataa mzigo mzima, na meneja uzalishaji mwenye kitambi na miaka yake yote hawezi kumpita.

Wengi hawajui kwa nini iko hivyo. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa vipindi, mara kwa sababu ya bakteria, mara kipindupindu, mara hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Sisi tuliokuwa wadogo tunakumbuka mwalo ulivyokauka hela. Soko liliporudi, lilirudi na masharti: lazima hatua za hatari zijulikane, zipimwe, ziandikwe, na anayepima asiwe yule anayelipwa kwa wingi wa tani. Ukimweka mpimaji chini ya mzalishaji, siku ya oda kubwa atapima kwa macho.

Nimeliona hili kwenye maduka pia. Anayehesabu stoki mwisho wa mwezi ni nani? Ni yuleyule msimamizi wa stoo. Anajipima, anajipa alama.

Mtunza Leja

Minofu umepiga palepale. Wale wa Buzuruga wanahesabu hivyohivyo. Karatasi inakuja kwangu safi, haina hata kosa la bahati mbaya, na stoo isiyokosea hata mfuko mmoja uliopasuka inanitia wasiwasi kuliko ile inayokosea.

Nondo Kumi

Naomba kuuliza, hivi muundo unafuata nini hasa? Sisi ni vijana watatu, tuna biashara ya vifaa vya umeme. Tuna duka mjini, mtaa wa Rufiji, tunataka kufungua Sengerema na Nansio kule kisiwani Ukerewe. Mwenzetu mmoja anasema kila tawi liwe na meneja kamili mwenye stoo yake. Mwingine anasema ununuzi na stoo vibaki mjini, matawi yawe ya kuuza tu. Tumekwama hapo.

Mtunza Leja

Swali zuri, na jibu langu litakuwa refu kidogo.

Angalieni maji kwanza. Mpaka juzijuzi, tawi la Sengerema lilikuwa ng'ambo kwelikweli. Mzigo unafika Kigongo, unasubiri kivuko, au unapitia Kamanga, na siku ya foleni hujui utavuka saa ngapi. Ukiwa na tawi kule ilibidi uweke stoki nene na mtu mwenye akili ya kuamua mwenyewe, maana wewe mjini ulikuwa huna msaada wa haraka. Wafanyabiashara wengi walikuwa na "meneja wa Sengerema" ambaye kimsingi alikuwa mwenye duka bila hisa.

Juni 2025 limefunguliwa Daraja la Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 hivi. Sasa gari inapita muda wowote. Stoo yenu ya mjini inaweza kuhudumia Sengerema siku ileile mteja anapoagiza. Kwa hiyo ile sababu ya kuweka stoo kamili ng'ambo imepungua sana. Pale mnaweza kuweka duka la kuuza, watu wawili au watatu, na kiongozi wa duka badala ya meneja kamili. Ununuzi ubaki mjini mnapopata bei ya jumla.

Nansio ni habari nyingine. Pale bado ni meli, au mzunguke Bunda mkavuke kwa kivuko cha Kisorya. Upepo ukivuma, mzigo unalala. Aliyeko Nansio lazima awe na stoki ya kutosha, awe na uwezo wa kununua vitu vidogo hapohapo kisiwani, awe na uwezo wa kushusha bei, kuajiri kibarua, na kumsimamisha mtu kazi kwa muda bila kuwasubiri. Huyo ndiye mtu wa kumlipa vizuri. Msifanye matawi yote yafanane kwa sababu tu mchoro ukutani unapendeza ukifanana.

Kuna biashara moja naijua (siyo mteja wangu) ambayo daraja limefunguliwa, magari yanapita, na bado wana "Meneja wa Kanda ya Ng'ambo" mwenye nyumba, gari na stoo ya kilomita chache kutoka stoo kuu. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nondo Kumi

Shukrani mkuu. Na sisi watatu wenyewe? Wote ni wakurugenzi, wote tunatoa amri.

Mtunza Leja

Hapo mko kwenye hali mbaya kuliko yule kijana wa Buzuruga, na mmejitengenezea wenyewe. Gawaneni. Mmoja ununuzi na stoo, mmoja mauzo na matawi, mmoja hela na kumbukumbu. Mfanyakazi wa duka anajibu kwa mtu wa mauzo. Wawili waliobaki wakiona kosa dukani wanampelekea mwenzao, hawamrukii mfanyakazi. Mkikutana Jumatatu asubuhi gombaneni mnavyotaka, mlango ukiwa umefungwa. Na kama bado mnatumia jina la biashara, sajilini kampuni kabla ya Nansio. Jina la biashara halitenganishi mali yako na madeni ya duka, na mmoja wenu akifariki mtajua mlikuwa mmeshikana na nini.

Babu wa Pamba

Mwangaluka wajukuu.

Kijiti cha Pasiansi

Shikamoo babu.

Babu wa Pamba

Marahaba.

Mnasema habari za ngazi kana kwamba zimeanza juzi. Ziwa hili lilikuwa na moja ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, akiongoza Paul Bomani. Muundo wake ulikuwa hivi: chini kabisa mkulima na chama chake cha msingi, hapo ndipo pamba inapimwa na kununuliwa. Juu yake vyama vya kati. Juu kabisa Shirikisho hapa Mwanza, lenye viwanda vya kuchambua pamba. Wazee wetu walipigania mizani, maana kabla yake mnunuzi alikuwa anapima kwa mizani yake na kidole chake.

Kwa hiyo msidharau ngazi. Ngazi ya chini ile, karani wa kijijini anayejulikana kwa baba na mama, ndiyo iliyowapa watu imani.

Lakini kila ngazi inakula. Bei ikitoka sokoni inapita juu, inakatwa, inapita katikati, inakatwa, inafika chini imekonda. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza ushirika na bodi za mazao nchini, ikakuta upungufu wa watu wenye ujuzi, wanachama wasiojua mambo ya chama chao wenyewe, na siasa kuingilia. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, kazi zikapelekwa kwenye mamlaka za mazao. Nazo zikawa na ngazi zake, ndefu kuliko zile, na mkulima hakuwa na hata karani wa kumgombeza. Sheria ya 1982 ikavirudisha.

Mimi nikiangalia duka lenye meneja, meneja msaidizi na msaidizi wa msaidizi, nauliza tu: huyu wa katikati akiondoka leo, nani atamkosa? Kama jibu ni tajiri peke yake, kwa sababu alikuwa anamletea umbea, basi mmeshajua.

Minofu

Babu heshima kwako. Umbea ni kitengo kamili kwenye kampuni nyingi, ni vile hakina bajeti.

Afisa Utumishi Mstaafu wa Kujitolea

Niingie kwenye sheria kidogo, maana wengi mnajenga nyumba ya kuja kubomolewa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwenye migogoro ya kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yake ni ipi, anafanyia wapi, saa ngapi, analipwa nini. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28. Hayo mnayajua na mnayaruka. Kwenye "kazi yake ni ipi" watu huandika mstari mmoja: "na kazi nyingine atakazopangiwa". Sasa kijana wa stoo amekataa kupeleka rangi Nyegezi kwenye nyumba ya familia ya bosi. Amekosa nini? Nani alikuwa na haki ya kumtuma? Mkiulizwa hilo mbele ya msuluhishi mtatazamana.

Halafu kuna kufukuza. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka kikao cha nidhamu, mfanyakazi apewe taarifa si chini ya saa 48 kabla, na anayeongoza kikao awe kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Hapo muundo wa "kila kitu tajiri" unakukaba koo. Tajiri ndiye aliyemkamata, tajiri ndiye aliyechunguza, tajiri ndiye shahidi, tajiri ndiye mwenyekiti, tajiri ndiye aliyesaini barua. Kijana ana siku 30 za kupeleka lalamiko CMA, na huko inaweza kuonekana kweli aliiba lakini utaratibu ukakushinda.

Bosi Mwenyewe

Sasa duka la watu tisa nitatoa wapi "kiongozi ambaye hakuhusika"?

Afisa Utumishi Mstaafu wa Kujitolea

Wewe una maduka mawili. Kosa limetokea la kwanza, meneja wa pili anaongoza kikao. Wewe ukae nje, ushughulike na rufaa kama ipo. Kwa mwenye duka moja, wengine huomba mtu wa nje anayeaminika na anayejua taratibu. Ila ili hilo liwezekane ni lazima wewe usiwe ndiye uliyemkamata kwa mkono wako, ukampiga na makofi mawili, ukamrekodi video. Nasema kwa sababu nimeshaziona hizo video zikiletwa kama ushahidi wa mwajiri.

Bosi Mwenyewe

Sijampiga mtu mimi.

Haya, tuseme nimekubali. Nianzie wapi? Msinipe mchoro wa masanduku.

Mtunza Leja

Hakuna masanduku. Karatasi moja, kila duka la kwake, imebandikwa ndani ya ofisi siyo kaunta.

Anza na ile laini. Simu ya lipa namba ikae dukani, mikononi mwa keshia, ujumbe wa malipo auone yeye papo hapo. Namba ya siri ibaki kwako peke yako. Ataona hela imeingia, hawezi kuitoa. Hilo halikugharimu chochote na litaondoa nusu ya simu.

Pili bei. Kila bidhaa iwe na bei ya kuuzia na bei ya mwisho. Katikati ya hizo mbili meneja anaamua bila kukuuliza, na anaandika alimpa nani. Chini ya bei ya mwisho anapiga simu. Wewe ukiwa dukani mteja akakukimbilia wewe moja kwa moja, mrudishe kwa meneja. Hiki ndicho kitakuuma zaidi, maana wateja wa zamani wanakuita jina.

Matumizi madogo: weka kiwango, usafiri wa guta, vocha, maji, dawa ya kijana aliyejikata. Ndani ya kiwango hakuna simu, kuna risiti. Ruhusa za siku moja ni za meneja. Kuajiri na kufukuza ni kwako, kwa utaratibu wa Afisa hapo juu.

Stoki ihesabiwe na watu wa duka la pili, wanabadilishana, kama alivyosema Minofu. Na mauzo ya kila bidhaa uyalinganishe maduka mawili kila wiki, kama Karabai na ndoo zake.

Mstari wa mwisho kwenye karatasi uandike majina ya ndugu: hawana mamlaka ya kutuma mfanyakazi wala kuchukua mzigo bila kuandikwa. Mama Stendi akusaidie namna ya kwenda kwenye kikao cha ukoo.

Mama Stendi

Nenda umeshiba.

Bosi Mwenyewe

Na kukopesha? Huku kwetu fundi anachukua mzigo, analipa akilipwa. Nikimwachia meneja hiyo, mwezi mmoja duka liko mtaani.

Mtunza Leja

Hiyo usimwachie. Wewe ndiye unayetengeneza orodha ya mafundi wanaokopesheka na kikomo cha kila mmoja. Meneja anatoa mzigo kwa aliyemo kwenye orodha tu, ndani ya kikomo, kwa saini. Kuongeza jina ni kazi yako.

Bosi Mwenyewe

Nimuongeze mshahara basi huyo meneja? Maana sasa anaamua.

Karabai

Muongeze kidogo, halafu mpe fungu juu ya mauzo. Ila fungu lihesabiwe kwenye hela iliyokwisha kulipwa. Ukimhesabia na ya mkopo, atawajaza mafundi wote wa Igoma kwenye hiyo orodha yako kwa kukuomba kila siku.

Nondo Kumi

Hii ya Karabai naichukua kwa ajili ya Nansio.